Mtoto Tuliyemsifia Adabu

Kwetu Meru mtoto anayesifiwa ni yule asiyesikika. Anaingia sebuleni, anawaamkia wakubwa mmoja mmoja, anapokea chai kwa mikono miwili, kisha anatafuta kona yake na kutulia. Akikaa hivyo mpaka wageni waondoke, mama yake atapewa sifa hizo njiani na kanisani. Mimi sikuwa mtoto wa namna hiyo. Nina mdomo tangu utotoni, na wateja wangu wa ushonaji hapa Kimandolu wanajua kwamba ukiniletea kitambaa pungufu utaambiwa kabla hujakaa. Lakini hata mimi nilimsifia binti wa mdogo wangu. Tangu mama yake afariki, mtoto yule alikuwa na adabu ya kupita kiasi, na sote tulidhani Mungu ametuhurumia.

Mama yake alichukuliwa na maji. Alikuwa amekwenda na mtoto Nduruma, kule tambarare, kwa bibi yake kusaidia palizi ya mahindi, msimu wa masika. Huko chini jua lilikuwa linawaka, lakini juu mlimani ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu wa tambarare wanalijua jambo hili na bado linawakuta: korongo linakuwa kavu asubuhi, na mchana linashuka na magogo. Wao wawili walikuwa katikati wanavuka. Waliokuwa ng'ambo walisema mama alimsukumia mtoto kwenye matawi ya mti ulioinamia ukingo, halafu maji yakaondoka naye. Mvua ikashuka na huko chini, ikamkuta mtoto amekumbatia tawi, na alikaa hivyo mpaka maji yalipopungua watu wakaweza kumfikia. Alikuwa na miaka mitano.

Hakulia walipomteremsha. Hakulia msibani. Aliketi mkekani karibu na mimi, akawaamkia waombolezaji, "Shikamoo, shikamoo," kama mtu mzima. Watu walisema mtoto huyu amepewa moyo mgumu, na mimi nikaitikia.

Baba yake, mdogo wangu, ni dereva wa watalii. Leo yuko Momela na wageni, kesho yuko mbugani mbali, nyumbani anapita kama mpangaji. Kwa hiyo mtoto alilelewa kwa kaka yetu mkubwa, kwenye shamba letu la migomba na kahawa mlimani, mpaka mdogo wangu alipooa tena na kumchukua kwake, huko huko mlimani. Akaoa Mchaga, tena Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwa jirani, anayeuza mitumba ya watoto sokoni mjini. Ukoo ulinuna. Wanaukoo hawakuwa na la kumshika, ila walikuwa na neno moja waliloliona linatosha: mama wa kambo. Neno hilo kwetu halihitaji ushahidi.

Miezi michache baada ya harusi, yule wifi yangu alikuja kibandani kwangu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka mfuko wake wa nguo chini, akasema, "Wifi, nimekuja unisaidie. Mtoto huyu hanivunjii hata kikombe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia wenzake wanalia kwa sababu watoto wanavunja vikombe.

"Ndiyo hapo," akasema. "Mimi nimelea wadogo zangu. Mtoto hukataa uji, huficha viatu vya mwenzake, hukununia ukimnyima kitu. Huyu kila kitu ni ndiyo mama, asante mama. Wiki iliyopita aliungua mkono kwa sufuria ya maziwa. Hakuja kwangu. Alikwenda akakaa nyuma ya banda la ng'ombe peke yake, na lengelenge nililiona jioni nikimwogesha. Mnasema ana adabu. Wifi, nisamehe, lakini mtoto huyu anaogopa."

Aliniambia mengine pia. Kwamba analala na viatu. Kwamba mawingu yakikusanyika anaacha kula, na mvua ikigonga bati anaingia chini ya kitanda na hasikii akiitwa. Kwamba shuleni hajajua herufi hata moja, na mwalimu ameshamwita kichwa kizito mbele ya wenzake. Nilizima cherehani. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana mkono wa mtoto yule nilikuwa nimeushika mwenyewe Jumapili iliyopita, nikisifia anavyoamkia.

Tulimpeleka sisi wawili hospitalini mjini, kwa daktari wa afya ya akili ya watoto. Alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Hakumuuliza mtoto swali lolote. Alimpa karatasi na rangi, akamwacha achague pa kukaa, halafu akaongea na sisi kwa sauti ya chini. Ubongo wa mtoto, alisema, hauzaliwi umekamilika. Unaendelea kujijenga kwa yale anayoyapata kila siku. Mtoto akishikwa na hofu kubwa, mwili humwaga homoni za kumwezesha akimbie au ajifiche, na hatari ikipita zinashuka. Lakini hofu ikikosa mtu mzima wa kuituliza, hazishuki. Mtoto anabaki zamu, mchana na usiku, na ubongo unajijenga kwa ajili ya zamu hiyo. Sehemu ya kunusa hatari inakuwa kali kupita kiasi. Zile za kukumbuka, za kusubiri, za kujizuia hasira, zinabaki nyuma kwa kukosa nafasi.

"Mwalimu anapoandika herufi ubaoni," alisema, "huyu anasikiliza bati."

Mimi nikauliza kwa namna yangu, bila kuzunguka: basi ameharibika? Daktari hakuchukia. Alisema ubongo uliojifunza kuogopa ni ule ule, bado ni mchanga, na unaweza kujifunza kutulia. Yeye angemwona mara kwa mara na kucheza naye, kwa sababu mchezo ndiyo lugha ya mtoto wa umri ule. Lakini dawa kubwa ilikuwa nyumbani. Alihitaji mtu mzima mmoja, yule yule, anayefanya alichosema, siku zote. Akatutazama kwa zamu, mimi na mwenzangu.

"Nipo," akasema wifi yangu.

Nimewahi kusikia watu wakiapa kanisani mbele ya mchungaji na kwaya, na ushahidi ukawa pete na picha. Sijaona kiapo kilichotunzwa kama hicho cha neno moja. Kila asubuhi alimwambia mtoto siku itakavyokwenda: nakwenda sokoni, nitarudi kabla ng'ombe hajakamuliwa, leo tutapika mtori. Na alirudi kabla ng'ombe hajakamuliwa. Siku moja nilikuwa naye sokoni, kipindi cha kufungua shule, wanawake wamejaa mezani pake wanagombania sare za watoto. Katikati ya patashika ile akaanza kufunga mzigo. Nikamwambia, wewe mwanamke utafilisika. Wateja wenyewe walimshangaa.

"Nimeshamwambia mtoto nitafika," akasema, akatandika turubai juu ya meza na kuondoka.

Mvua zilipoanza alifanya kitu ambacho kama ningehadithiwa nisingeamini. Mwanamke yule, na unene wake na magoti yake yanayomsumbua, alishuka sakafuni kando ya kitanda, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuyachambua. Hakumvuta mtoto atoke. Hakumwambia usiogope. Alichambua tu huku akiongea kuhusu maharage, hili bovu, hili zima, hili jekundu kama la kwao Kilimanjaro, mpaka mkono mdogo ukatokea mvunguni na kuchukua harage moja. Nilipomuuliza siri ni nini, alisema daktari ndiye aliyemwambia ampe mtoto kitu cha kushika, ili mwili ujue uko wapi. "Halafu namweleza ukweli," akasema. "Namwambia sisi tuko juu mlimani. Maji yanatoka kwetu yanashuka. Hayajui kupanda." Nilipenda alivyosema hivyo. Sisi wengine tulikuwa tunamwambia mtoto kwamba hakuna kitu, na yeye alikuwa amekiona kitu kwa macho yake.

Akaenda na shuleni. Hakwenda kugombana, kama ambavyo ningefanya mimi. Alimwomba mwalimu amhamishe mtoto kutoka dawati la mbele amweke karibu na mlango. Mwalimu alishangaa, maana wazazi wote huomba mbele. Lakini mtoto akiona mlango uko wazi anaweza kuuacha na kutazama ubao. Mwalimu yule, namshukuru, alikubali kujaribu. Muhula haujaisha nikaonyeshwa gunia la pumba ambalo juu yake mtoto ameandika kwa mkaa jina la ng'ombe wao, herufi moja imegeuka nyuma. Wifi yangu alilining'iniza gunia hilo ukutani sebuleni, juu ya picha ya harusi. Mdogo wangu alirudi safari akalikuta, akacheka hadi akakaa chini, kisha akageuka na kujifuta macho.

Halafu ikaja Krismasi. Ukoo mzima ulipanda mlimani kama kawaida, kuku wakachinjwa, watoto wakawa wengi mpaka hawahesabiki. Mchana mvua ikashuka. Mtoto wa kaka yetu mkubwa, mvulana mtundu lakini asiye na ubaya, akamsukuma binti wa mdogo wangu ndani ya stoo ya kahawa na kuushikilia mlango kwa nje, akicheka. Wenzake wakacheka pia. Aliponyoosha mkono kufungua, mtoto aliyekuwa ndani aliurukia na kuung'ata. Iliwabidi watu wazima wawili kuwatenganisha. Mkono ulitoka damu, na alama zile bado anazo.

Kikao cha ukoo kiliitwa siku chache baadaye, sebuleni kwa kaka mkubwa, kabla watu hawajatawanyika. Tangu baba yetu afariki yeye ndiye anayekalia kiti. Ni mtu mwema, mzee wa kanisa, amesomesha wengi. Lakini ana imani moja ambayo ni ya nusu ya watu wa Arusha: kwamba mtoto akikushinda dawa yake ni bweni. Alikuwa ameshaongea na shule, nafasi ipo, Januari mtoto apelekwe, huko watamnyoosha na Kiingereza atajua. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Mtoto ambaye ndiyo kwanza amepata mtu mmoja wa kumtegemea, sasa anapelekwa akalale kwenye ukumbi na watoto mia, chini ya bati, na anayemjua yuko mbali. Kila kitu kilichojengwa kingebomoka. Nilimtazama mdogo wangu aseme. Mtu yule anaongea na watalii wa dunia nzima, lakini mbele ya kaka yake anakuwa bubu. Basi nikasema mimi. Nikasema maneno yote ya daktari, na mengine ya kwangu ambayo daktari asingeyakubali. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, wewe unaishi mjini," akasema. "Na huyo mama anayekutuma, mtoto si wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Anataka kuonekana tu."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Wanawake walioolewa kwetu huwa hawaingii kikaoni bila kuitwa, na huyu hakuwa ameitwa. Aliingia na kitenge chake cha kupikia, mikono bado ina unga, na mkononi ameshika isale.

Isale ni mmea ule wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Kwao Kilimanjaro na kwetu Meru, ukiwa umemkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Unaweza kukataa pesa, unaweza kukataa mbuzi, lakini isale halikataliwi. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Wachungaji wanaliheshimu, na nimeshaona mzee mlevi wa kutukana kila mtu akinyamaza mbele yake.

Alipiga magoti mbele ya kaka. Magoti yale yale.

"Shemeji," akasema, "mwanangu amemuumiza mwanao. Nimekuja kumwombea msamaha."

Nikaona kwenye nyuso za wazee kwamba wameelewa kabla ya kaka. Kosa la mtoto haliombewi msamaha na mpita njia. Anayelibeba isale kwa ajili ya mtoto ndiye mzazi wake, na anayelipokea amekubali hivyo. Na kosa likishasamehewa kwa isale, adhabu yake haipo tena. Bweni lile, liitwe jina zuri namna gani, lilikuwa adhabu.

Kaka alilitazama jani. Alimtazama yule mwanamke ambaye yeye mwenyewe ametoka kumsema kwamba anataka kuonekana tu. Akanyoosha mkono akalipokea, akasema, "Simama, mama wa mtoto." Mzee mmoja akakohoa, akasema kama hayo yamekwisha basi kuna harufu ya nyama huku. Mimi nilijikuta napiga vigelegele peke yangu katikati ya wanaume, na sikuona aibu.

Baadaye tukiwa tunaosha vyombo nilimsifu kwa akili yake. Nikamwambia, mwenzangu umewafunga wazee kitanzi kwa mila zao wenyewe. Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Kitanzi gani, wifi? Mwanangu amemng'ata mtu mpaka damu. Mzazi ungetaka afanye nini?"

Nilisugua sufuria. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimemfahamu vya kutosha, hata mimi niliyekuwa upande wake.

Mtoto amebaki nyumbani. Sasa yuko darasa la tatu. Hajawa wa kwanza darasani na wala hatumtafutii hilo. Kuna siku mbaya bado, na daktari alituonya kwamba zitakuwepo. Masika haya shule zilipofungwa aliletwa kwangu Kimandolu, mara yake ya kwanza kulala mbali na yule mama, na nilipewa maelekezo marefu kuliko ya mteja wa gauni la harusi: akiuliza mama anakuja lini umwambie Jumamosi, useme Jumamosi, usiseme kesho kutwa, usifunge mlango, mvua ikianza acha kazi ukae naye chini.

Ikaanza siku ya pili, mchana, kwa kishindo, na kibanda changu hakina dari. Niliacha mguu wa suruali ya watu nusu umeshonwa. Nikashuka sakafuni karibu na kigoda chake, mwanamke mwenye umri wangu, nikatafuta cha kumpa mkononi, nikapata kopo la vifungo.

Alinitazama.

"Shangazi, umeangusha nini?"

Nikasema sijaangusha kitu, nimekaa tu. Alikuwa ameshasimama mlangoni, anatazama upande wa mlima uliofunikwa na wingu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shughuli. Akaja akaniomba simu. Nilibonyeza namba na kumpa, nikisubiri aombe kuchukuliwa.

"Mama! Huko inanyesha?" Ilimbidi apige kelele kwa sababu ya bati. "Umeanua nguo? Mama! Nguo! Sweta langu la shule liko kambani, nililiona nikiondoka! Ah, mama na wewe, si uende sasa hivi, baadaye nini? Nenda!"

Akakata simu bila kuaga, akanirudishia, na kuniuliza kama kuna chai. Nilimwambia ipo, ajimiminie mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa bado chini na nilikuwa nalia.